Sukari ya Watu, Mwezi wa Shaabani

Mwezi ule nilikaribia kumvunjia nyumba msichana ambaye hakuwahi kunikosea hata kwa kunikanyaga kidole. Sikufanya kwa wivu, wala kwa kumtamani mume wake. Mume mwenyewe sijamwona mpaka leo. Nilitumia sukari, tena sukari ambayo haikuwa yangu wala yake.

Niseme kwanza mimi ni mtu wa namna gani, msije mkadhani nilikuwa mwanamke wa safari. Nilikuwa mtu wa mlangoni. Tuliishi mtaa wa Oli, mjini Arua, mimi na mama mkubwa, yaani dada yake mama yangu, na pale mlangoni pake ndipo nilipokuwa nikifanyia kazi zote: kusuka vikapu, kuchambua mchele, kusalimia wapita njia na kujua wanakotoka kabla hawajafika. Sokoni, mwendo wa dakika kumi, nilikwenda kama mtu anayekwenda Makka, kwa kuaga majirani na kuombewa dua. Nilikuwa nimesoma sekondari mpaka kidato cha tatu, nikarudi nyumbani shule ilipoishiwa walimu, na tangu siku hiyo elimu yangu ilikuwa na kazi moja tu ya maana. Niliandika maneno ya nyimbo za harusi.

Nyimbo zenyewe zilikuwa za mama mkubwa. Yeye ndiye aliyeongoza kundi la doluka, ngoma ya wanawake wa Kinubi, wanawake watano wenye ngoma tatu na sauti za kuamsha mtaa. Upande wa bibi harusi ukimwita, alimsindikiza mwali hadi nyumbani kwa bwana harusi, na pale uani, mbele ya watu wote, akamwimbia mama wa bwana harusi neno moja la utani. Neno hilo ndilo lililokuwa biashara. Mapambo, marashi, biriani, vyote vilikuwa vizuri, lakini watu walikuja kusikia neno. Mwaka mzima baadaye wangesema, "Yule ambaye mama mkwe wake aliimbiwa kuku," na kila mtu angejua ni nani.

Neno lilikuwa na sheria zake. Lazima liwe la kweli, lazima liwe dogo, na lazima liwe linajulikana na watu wachache. Mama mkubwa alikuwa akituambia, "Usiguse uzazi, usiguse maiti, usiguse dini. Gusa sufuria." Kwa hiyo siku mbili kabla ya kila harusi mtu wetu mmoja alitangulia mtaani kwa bwana harusi, akaomba maji ya kunywa kwa jirani huyu, akaomba moto kwa jirani yule, akasikiliza. Tulimwita mwinda maneno. Akirudi na windo lake, mimi nililiandika katika daftari, nikalipa vina, nikarudi kwenye mchele wangu. Sikuona kasoro yoyote katika mpango huo.

Sasa Shaabani. Mwaka mzima vijana wanakuwa wamekaa kimya kama mawe ya mtoni. Mwezi wa Shaabani ukionekana, kila mmoja anagundua kwamba hawezi kufunga Ramadhani peke yake. Mwaka ule tuliitwa harusi tisa, Arua nne na Koboko tano, na mwinda maneno wetu, kwa usaliti mkubwa, alikuwa ameolewa yeye mwenyewe mwezi wa Rajabu na kuhamia kwa mumewe.

"Wewe nakwenda," mama mkubwa akaniambia.

"Mimi? Wapi?"

"Kuwinda. Hapa Arua, halafu Koboko."

"Koboko iko mbali, Mama."

"Koboko iko pale pale ilikuwa jana. Ni wewe iko mbali."

Mpiga ngoma kubwa wetu, mwanamke mnene asiyeweza kupita karibu na jambo bila kulitia chumvi, akadakia, "Acha mlango upumzike, binti. Umeukalia mpaka boriti inalia."

Harusi za Arua nilizimudu, kwa sababu hata kuwinda sikuwinda. Kwa miaka yote niliyokaa mlangoni habari za mji zilikuwa zimekuja zenyewe kwa miguu yao. Nilijua mama gani akisikia hodi wakati wa chakula huanza kusali kwa sauti, ili mgeni aone haya kumkatiza. Nilijua nani huazima mchi wa jirani na kuurudisha mvua zikishakatika. Tuliimba, watu wakacheka, akina mama walioimbiwa wakaficha nyuso kwa khanga na kufurahi ndani yake, maana kutokuimbiwa kabisa ni aibu kubwa zaidi. Jioni nilirudi kulala kwenye mkeka wangu. Nikaanza kujiona msanii.

Kisha tukapanda lori kwenda Koboko, juu ya marobota ya tumbaku. Wanawake watano, ngoma tatu, na mimi nikipiga chafya tangu tulipotoka Arua hadi tuliposhuka. Vumbi jekundu liliingia kwenye nywele, kwenye daftari, hata kwenye salamu. Mpiga ngoma alisema Mungu akipenda tutafika tukiwa matofali. Tulifikia kwa rafiki yake mama mkubwa, mjane mwenye nyumba ya uani karibu na soko, na huko nikagundua jambo lililonipa faraja: alikuwa na baraza nzuri sana, yenye kivuli.

Siku mbili kabla ya harusi ya kwanza mama mkubwa akanituma. Nyumba ya bwana harusi ilikuwa upande wa pili wa mji, kwenye njia ya kwenda Kuluba. Nilitakiwa niende, nizunguke kwa majirani, nirudi na neno. Jua lilikuwa limekaa katikati ya mbingu kama mtu aliyelipwa kukaa pale. Nilikwenda mpaka kona ya kwanza. Kwenye kona palikuwa na mbwa. Sikusema alikuwa mbwa mkali. Nasema palikuwa na mbwa. Nikarudi barazani, nikakaa, nikafungua daftari, nikajiuliza: mwanamke wa Koboko, mwaka huu, anaweza kuwa na siri gani?

Wenye umri watakumbuka sukari ya miaka ile. Ilikuwa kama mkwe wa kiume: inatajwa kwa heshima na haionekani. Ilitaka kibali, na kibali kilitaka mtu, na mtu alitaka kujuana. Watu tulirudi kwenye chai ya asali kama mababu, na asali ya kwetu ni nzuri, lakini kumpa mgeni wa harusi chai ya asali kulikuwa ni kumwambia kwamba huna ndugu mwenye cheo. Basi nikaandika:

*Mama bwana harusi, karibu yako ni tamu,*
*sukari iko sandukuni, imelazwa kama mgonjwa,*
*ufunguo uko kiunoni, unalala naye, unaamka naye;*
*mgeni akiomba kijiko, mgonjwa hana nafuu!*

Nilitunga kila neno. Sikumwona mama huyo, sikuliona sanduku, na kiuno chake sikukijua. Mama mkubwa akaniuliza, "Ni kweli hii?" Nikamwambia nimeipata kwa majirani wawili. Uongo ukishaanza, kuuongezea jirani mmoja hakugharimu kitu.

Ijumaa alasiri tukaimba. Uani palijaa, wanawake wamejifunga gurbaba, zile shuka zao zilizotariziwa. Mama wa bwana harusi alikuwa amekaa mbele, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho ya kuhesabu. Mama mkubwa alipofika kwenye ufunguo, mkono wa yule mama ukaruka wenyewe ukashika kiuno. Mbele ya watu wote! Vigelegele vilivyopigwa nilidhani paa litang'oka. Mpiga ngoma alilia machozi huku anapiga. Mama mkubwa alinitazama kwa jicho la heshima, ambalo kwa miaka yote ya kula kwake sikuwahi kulipata.

Mnaona basi. Mtu amefanya uvivu, akapewa sifa. Ungekuwa wewe ungeacha? Jumapili tulikuwa na harusi nje ya mji, Jumatatu nyingine mbali zaidi. Tulikuwa tukiamka alfajiri, tunatembea na ngoma kichwani kwenye njia za mihogo, tunaimba mpaka saa kumi na moja, tunarudi na miguu iliyovimba kama mikate. Nani alikuwa na nguvu ya kuwinda? Nilibadilisha mwanzo wa wimbo, nikahamisha sanduku kutoka chumbani kwenda chini ya kitanda, nikaacha ufunguo mahali pake. Jumapili mkono ukaruka. Jumatatu mkono ukaruka.

"Hii sukari inatufuata?" mama mkubwa akauliza.

"Ndiyo hali ya nchi, Mama," nikamjibu.

Jumanne asubuhi nilikuwa barazani nimetia miguu kwenye karai la maji ya chumvi, msanii amepumzika, akaja msichana na mtoto mgongoni. Miaka kumi na tisa au ishirini. Alisalimia vizuri, akakataa kukaa.

"Dada, ni wewe mwenye kitabu ya nyimbo?"

"Ni mimi. Karibu."

"Mimi sikuja kwa ugomvi. Mimi ni mke wa mtoto wake mkubwa, yule mama wa ufunguo. Nataka jina la mtu alikwambia."

Nikacheka kidogo, ile ya adabu. Nikamwambia majina ya watu hatutaji, ndiyo kazi yetu.

"Sawa," akasema. "Lakini katika nyumba yetu watu wanajua ile sanduku ni wawili, mama na mimi. Mume wangu ni askari, iko kambini, mbali. Mama anasema ni mimi nilipeleka maneno nje. Anasema siku saba za harusi zikiisha, Jumamosi, napanda lori narudi kwetu Vurra, kule mpakani." Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Huyu mtoto, mama anasema atabaki naye. Ni wa kwao."

Nilitoa miguu kwenye maji. Sijui kwa nini. Labda niliona si haki kusikia jambo kama hilo miguu ikiwa inastarehe.

"Nipe jina tu," akasema tena. "Kama iko mtu mwingine alisema, mama atajua si mimi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kumwambia kwamba hakuna mtu aliyeniambia. Ni sentensi fupi, haina neno gumu hata moja. Badala yake nikasema, "Nenda nyumbani, dada. Nitakuja kuongea na mama leo." Akanitazama kama mtu aliyepewa sarafu asiyoijua, akaondoka.

Nilimpita mbwa wa kona bila kumwona.

Mama wa ufunguo alinipokea kwenye mkeka, maana mama wa bwana harusi hatoki nyumbani hadi siku saba ziishe. Wageni walikuwapo wawili watatu. Akawatoa kwa macho. Nikapiga magoti, nikamwambia yote: sikuuliza mtu, sikufika hata mtaani kwake, nilikaa kivulini nikatunga.

"Ulitunga," akasema.

"Nilitunga, Mama."

"Ufunguo wangu ulitunga."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

Akainua ukingo wa nguo, akavuta kamba ya ngozi, na mwisho wa kamba ukatoka ufunguo mkubwa wa shaba. Akauning'iniza mbele ya pua yangu. "Na huyu? Huyu pia ulitunga?"

Shuleni hawakutufundisha kujibu swali kama hilo.

"Sikia, binti ya Arua. Mutu anaweza kutunga uongo. Kutunga kitu iko kweli, hapana, hiyo haiwezekani. Mutu alikwambia." Akaelekeza kidevu jikoni, ambako mke wa mwanawe alikuwa akichochea moto na bila shaka akisikia kila neno, maana hakuna aliyejitahidi kunong'ona. "Na kwao ni wapi? Vurra. Watu ya Vurra kazi yao kuvusha. Wanavusha chumvi, wanavusha mafuta. Huyu amevusha sukari yangu mpaka kwenye mdomo ya waimbaji. Sasa amekutuma wewe, uvushe na msamaha."

"Mama, wallahi wimbo huo huo niliimbisha nyumba nyingine mbili."

Nilidhani namwokoa msichana. Uso wa yule mama ukabadilika, lakini si kwa upande niliotarajia.

"Huo huo?"

"Ndiyo."

"Wimbo yangu?"

"Tulibadilisha mahali pa sanduku."

Nimewahi kuona watu wakiambiwa wameibiwa. Walikuwa na uso ule ule. Alikuwa amekaa siku nne akijiona mwanamke aliyesalitiwa, ambalo ni jambo kubwa, lenye heshima yake. Sasa namwambia ameimbiwa kitu cha jumla, kama salamu ya redio.

"Na huko," akauliza polepole, "huko kwa wengine, ilikuwa kweli?"

"Mikono yao ilishika kiuno, Mama. Wote."

"Uongo."

"Alhamisi tunaimba Kuluba. Njoo uone kwa macho yako. Yule mama wa Kuluba simjui, hajui mtu wa kwako, na huyu msichana hajawahi kufika kwake. Tukiimba ufunguo na mkono wake ukaruka, utajua hakuna aliyeniambia. Usiporuka, mpeleke msichana Vurra, na mimi nitapanda lori hilo hilo nimwombe radhi baba yake."

Nilisema hivyo kwa ushujaa mkubwa, mimi ambaye Vurra nilikuwa nikiisikia tu. Yule mama akazungusha ufunguo kwenye kidole. Kwa desturi hakupaswa kutoka. Lakini kwa jambo zito kama kwenda kuona aibu ya mwanamke mwingine, desturi hulegea.

"Nitakuja," akasema.

Kulibaki jambo dogo la kumwambia mama mkubwa. Nilimwambia jioni ile, mbele ya kundi lote, ili kama atanipiga pawe na watu. Hakupiga, wala hakufoka, angefoka ningeshukuru. Alikuwa akimenya vitunguu, akaendelea kumenya.

"Nyumba ngapi?"

"Tatu."

"Na mimi niliimba."

"Uliimba vizuri sana, Mama."

"Nyamaza. Tangu wewe hujazaliwa watu wanaogopa mimi kwa sababu neno langu ni kweli."

"Lakini lilikuwa kweli," mpiga ngoma akasema. "Mara tatu kwa tatu! Hata mganga hapati hivyo."

Mama mkubwa akamtazama mpaka akakumbuka ana kazi mahali pengine. Kisha akanigeukia. "Alhamisi, Kuluba, mimi sitaimba uongo wako. Utasimama wewe. Utaimba mwenyewe."

Sauti yangu naijua. Nikiimba bafuni, majirani hubisha hodi kuuliza kama nimeumia. Lakini kwa hali niliyokuwa nayo sikuwa na mahali pa kukatalia.

Alhamisi tulitembea hadi Kuluba kati ya mashamba ya mtama na mihogo, mwali mbele, sisi nyuma na ngoma, na nyuma kabisa, amevaa nguo yake nzuri kuliko zote, mama wa ufunguo. Hakuongea na mtu njia nzima. Nilikuwa nikipiga hesabu ya ajabu: kila harusi niliyowahi kuisikia, mtu huomba mwenyeji awe mwema. Mimi nilikuwa nikimwomba Mungu mwanamke nisiyemjua awe mchoyo. Tena si mchoyo wa kawaida. Awe na sanduku, awe na kufuli, na ufunguo asiuweke darini wala chini ya godoro. Nilipofikiria nyumba ya msichana yule ilivyoning'inia kwenye kiuno cha mtu mwingine, nilitaka kukaa chini katikati ya mihogo nisiinuke.

Mama wa bwana harusi wa Kuluba alikuwa mfupi, mnene, mchangamfu, anakumbatia kila mtu. Moyo ukanizama. Watu wachangamfu hivyo, nilidhani, hawana makufuli. Tukakaribishwa chai ya asali. Moyo ukapanda kidogo.

Ngoma zikaanza. Mama mkubwa akaketi, akakunja mikono, akanipisha. Nikasimama pale uani mbele ya watu wa Kuluba wote, nikafungua kinywa. Sauti iliyotoka hata mimi ilinishangaza. Mzee mmoja aliinuka akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba. Lakini maneno yalisikika, na kwa neno hiyo ndiyo kazi. *Sukari iko sandukuni, imelazwa kama mgonjwa.* Mama mchangamfu akacheka, anapiga makofi. *Ufunguo uko kiunoni.* Anacheka bado. Mikono yake yote miwili ilikuwa hewani, anapiga makofi, na nikaona lori la Jumamosi likiwasha moto.

*Unalala naye.* Makofi yakasita. *Unaamka naye.* Mkono wa kulia ukashuka polepole, kama mtu anayefukuza nzi, ukapita tumboni, ukatua kiunoni. Ukapapasa. Ukatulia.

Vigelegele! Na hapo nikaona kitu ambacho sikukitunga wala kukiomba. Nilikuwa nimesimama, wao wamekaa, kwa hiyo niliwaona wote. Shangazi wa bwana harusi, mkono kiunoni. Jirani aliyeleta kuku, mkono kiunoni. Wanawake wawili nyuma kabisa, wanaocheka mpaka wanaegemeana, kila mmoja ameshika chake. Mjane wetu wa Koboko, mwenye nyumba yetu, aliyekuja pamoja nasi, yule aliyetunywesha chai ya asali wiki nzima akilalamika kwamba nchi imeharibika: mkono kiunoni. Na mama wa ufunguo, pale pembeni, macho yake ya kuhesabu yanahesabu. Midomo yake ilikuwa ikitembea: wanne, watano, sita. Alipofika saba akajitazama mwenyewe. Mkono wake ulikuwa umeshika kiuno chake kwa nguvu kama vile sisi tumekuja kumnyang'anya.

Hakucheka. Alisubiri mpaka tunarudi, njiani, ndipo aliponisogelea. "Kumbe wote washenzi," akasema. Kisha, baada ya hatua kama ishirini: "Wimbo yangu ya kweli utaandika lini?"

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwake, maana wanawake wengi nimewaona wakijua ukweli na kuuweka kabatini. Kitita cha nguo cha msichana kilikuwa kimefungwa tayari, kimewekwa ukutani karibu na mlango. Mtoto alikuwa amelala juu yake. Mama wa ufunguo aliniona, akakohoa, akasema kuelekea jikoni, "Wewe. Weka maji ya chai. Mgeni amekuja."

Kwa watu wa nyumba ile hiyo ilikuwa ndiyo samahani. Mimi niliielewa, na nikashusha pumzi.

Msichana akatoka jikoni, akasimama. "Mama, maji ya chai anaweka mtu wa nyumba. Mtu anakwenda na lori kesho hawezi kuweka."

"Nimesema weka maji."

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Mama anajua."

Nilitazama dari. Lilikuwa dari zuri, la nyasi. Sijawahi kuona mke wa mwana akisimama hivyo mbele ya mkwe wake, na sidhani yule mama alikuwa amewahi. Kuku aliingia, akatuangalia sote watatu, akatoka.

"Nilishika mutu si yeye," mama akasema mwisho, akiuambia mkeka. "Haikuwa wewe."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wako, nani alisema hapana? Sasa weka maji!"

Msichana akamwinua mtoto, akakifungua kitita pale pale mbele yetu, akatoa nguo moja moja akazirudisha chumbani bila haraka. Maji aliyaweka baada ya nguo ya mwisho. Kisha akasimama mbele ya mkwe wake akanyoosha kiganja, na yule mama akavua kamba ya ngozi, akampa ufunguo, akamwangalia hadi sandukuni na kurudi. Nilikunywa chai yenye vijiko viwili. Sijui kama niliona utamu, maana muda wote mama alikuwa akinitazama koo.

Msichana alinisindikiza mpaka kona. Nilikuwa nimejaa kiburi, nakiri. Nilikuwa nikingoja anishukuru, na nilikwisha andaa maneno ya kukataa shukrani.

"Dada," akasema, "ni kweli kabisa hakuna mtu alikwambia?"

"Kweli kabisa. Nilikaa barazani tu."

Akatikisa kichwa. "Ah. Kwa sababu mimi nilisema."

"Ulisema nini?"

"Habari ya ufunguo. Nilisema kisimani, kwa watu watatu. Ile siku nilikuja kwako nilitaka kujua ni nani kati yao alipeleka, nimkate urafiki." Akafikiri kidogo, kwa majuto ya kweli. "Kumbe walinyamaza, maskini. Watu wazuri sana. Na mimi wiki nzima nimeacha kuwasalimia."

Katika maneno yote niliyokuwa nimeyaandaa hakuna lililofaa. Ndani ya nyumba mkwe wake alikuwa akimwita tayari, kwa sauti ya mtu aliyekwisha sahau, akiuliza kama vyombo hivyo vinaoshwa Koboko au vinaoshwa Vurra.

"Nakuja, Mama!" akajibu, akanipa mkono, akakimbia.